Presha inatokana na kimo, si ukubwa wa tangi
Ndugu unayeuliza kama tangi kubwa zaidi litaongeza nguvu ya maji: hapana, kubadilisha simtanki la lita 1000 uweke la 5000 hakutaongeza presha bafuni. Kinachosukuma maji ni kimo: mita 10 kutoka usawa wa maji hadi kwenye koki ndiyo baa 1 tu (baa ni kipimo cha presha), kwa hiyo ukiwa na mita 3 unapata kama baa 0.3, tangi liwe dogo au kubwa. Mimi niliinua mnara wa tangi kwa mita 2, na bomba la kushukia nikatoa la nusu inchi nikaweka la inchi 1 ili maji yapite kwa urahisi. Tofauti niliiona siku hiyohiyo. Ila kama jikoni maji yana nguvu na bafuni yanachuruzika, fungua kwanza kichwa cha shawa, vile vitundu huziba kwa chumvi ya maji ya kisima. Kiloweke kwenye siki usiku kucha.