Uvimbe wa kizazi sio mafuta, mimi nilidanganywa hivyo nikalipa

Juzi mdogo wangu mmoja wa Bagamoyo kanitumia meseji, "Shikamoo dada, nimekutwa na faibroidi mbili, ule uvimbe wa kizazi, na lehemu (kolesteroli) iko juu, hivi nikiacha mafuta uvimbe utayeyuka?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, maana swali hilo nimeishi nalo miaka miwili.

Mimi ni wa hapa Tanga, Ngamiani, nina miaka 43, kazi yangu cherehani. Mwaka 2022 hedhi ilinizidi, nabadilisha pedi kila saa, nikiinuka natazama kwanza kiti kabla mteja hajakiona. Wingi wa damu ukashuka mpaka 7.9 na mwanamke anatakiwa asipungue 12. Utrasaundi ikaonyesha uvimbe wa sentimita 6. Badala ya kumsikiliza daktari nikamsikiliza mama mmoja muuza dawa, akaniambia hayo ni mafuta yameganda kwenye kizazi, nikinywa dawa yake na maji moto ya ndimu yatayeyuka. Chupa sita, laki moja na themanini, hela ya kushona sare za shule za watoto wa watu. Na huku mawifi wanasema ni sindano za uzazi wa mpango ndio zimeniletea, ilhali tafiti zinaonyesha wanaotumia sindano zile wanapata faibroidi kidogo kuliko wasiotumia. Mpaka leo nikikumbuka yale maneno moyo unauma.

Dada zangu, faibroidi ni msuli. Ni msuli wa kizazi chenyewe ulioota na kujikusanya pamoja na nyuzinyuzi mpaka ukawa donge gumu, sio saratani na sio mafuta, kwahiyo hakuna ndimu itakayouyeyusha, jamani hakuna.

Sasa lehemu inaingiaje? Mwili unaitumia lehemu kutengeneza estrojeni na projesteroni, na homoni hizo mbili ndio zinalisha faibroidi. Halafu mafuta ya mwilini, yale ya kitambi na mapaja, nayo yanatengeneza estrojeni yake, ndio maana uzito mkubwa unatajwa sana kwenye ugonjwa huu. Ila lehemu kujaa kwenye damu haina maana kwamba estrojeni nayo imejaa, na waliopima damu za wanawake wenye faibroidi hawajakubaliana, wengine wamekuta mafuta mabaya yako juu, wengine wamekuta yale mazuri ndio yako juu, wengine hawakuona tofauti. Na angalia hedhi ikishakoma, faibroidi kwa kawaida zinasinyaa, lakini LDL, yaani yale mafuta mabaya, ndio kwanza inapanda. Kama kimoja kingekuwa mtoto wa kingine vingepanda na kushuka pamoja.

Namba zangu za kwanza: lehemu jumla 6.4, LDL 4.3, HDL (yale mafuta mazuri) 1.0, traigliseraidi (mafuta ya aina nyingine kwenye damu) 2.3. Inayotakiwa kwa mwanamke jumla iwe chini ya 5.2, HDL izidi 1.3 na traigliseraidi iwe chini ya 1.7. Nililia. Sisi watu wa pwani hata mchicha tunautia tui, wali nazi, maharage nazi, samaki nazi, asubuhi maandazi ya nazi, na nazi mafuta yake mengi ni yale yanayopandisha LDL. Sikuiacha kabisa, nisiwadanganye, nimebaki na tui jepesi siku ya Ijumaa tu. Dagaa na vibua nikala vya kuchemsha, maandazi nikahamia mhogo, na nikanunua baiskeli, kila alfajiri naenda Raskazoni na kurudi. Miezi minane nimepungua kilo 9, na najivunia sana, maana nilifanya peke yangu huku nyumba nzima inakula wali nazi mbele yangu.

Wiki iliyopita nimepokea majibu: jumla 5.5, LDL 3.6, HDL 1.2, traigliseraidi 1.5. Na uvimbe? Sentimita 6.3. Haukuyeyuka. Damu imepanda mpaka 11.6, na iliyopandisha ni vidonge vya madini ya chuma na dawa ya kupunguza kutokwa damu, sio chupa za yule mama. Upasuaji wa kuutoa nimeshaukubali, moyo wangu na mishipa yangu nimeshaitunza kwa njia nyingine, hizo ni kazi mbili.

Kwahiyo mdogo wangu acha kusubiri moja ikutibie nyingine. Punguza mafuta kwa ajili ya moyo wako, na uvimbe upeleke kwa daktari wa kina mama. Akitaka kukupa vidonge vyenye estrojeni ili kupunguza damu, muonyeshe karatasi ya lehemu kwanza, kwasababu vidonge hivyo vinaweza kupandisha traigliseraidi. Na mwambie kama bado unataka kuzaa, maana kuna upasuaji wa kutoa uvimbe tu na kuna wa kutoa kizazi chote, usisaini kabla hujajua ni upi.

Ukienda kurudia kipimo cha lehemu, ulale bila kula, masaa 9 mpaka 12, maji tu. Halafu nitumie namba zote nne, sio ile ya jumla peke yake.