Mayai ya Mama Ngina: namna ninavyookota mipira ya gofu

Mke wangu ana swali lake la kila wiki: "Haya mayai yako yataanguliwa lini?" Mipira ya gofu naipanga kwenye trei za mayai. Inakaa sawasawa, 30 kwa trei, na sasa nimefika trei ya nne. Hata mmoja sikuununua.

Niseme mapema kwamba nacheza vibaya, asije mtu kuniomba ushauri wa kupiga. Kutafuta ndiko ninakokujua. Nilianza utotoni Mombasa, kwenye uwanja ule wa mashimo 9 unaotazama bahari, upande wa barabara ya Mama Ngina. Siku moja niliuwahi mpira ungali unabingirika, nikautia mfukoni nikijua nimebahatika. Mwenyewe alinifukuza hadi pumzi zikamwishia. Tangu hapo nina sharti: mpira siugusi mpaka nione wenyewe wameshapiga mwingine na kuondoka. Na ukiwa si mchezaji, ongea kwanza na wenye uwanja. Uingereza mwaka 2002 kuna mtu alihukumiwa jela miezi sita kwa kuzamia usiku na kutoa mipira bwawani. Rufaa ilimtoa, lakini jela alishaiona.

Wengi hukosea kwa kuanza mbali. Mchezaji ukimuuliza mpira wake umeangukia wapi, atakuonyesha pale alipotamani uangukie. Wewe rudi nyuma hatua ishirini, kisha ingia kulia, maana wengi wetu tunaotumia mkono wa kulia mpira hutuponyoka upande huo. Upepo nao uuhesabu. Kusi ikivuma kutoka baharini, mpira uliopigwa juu husukumwa bara, na mwenyewe bado anahangaika ukingoni mwa maji. Ukisikia "ko!" la mti, nenda shinani moja kwa moja. Mbuyu haurushi mpira mbali.

Kwetu kuna taabu ya mawe ya matumbawe, kwa kuwa nayo ni meupe. Ukitafuta weupe utainama mara mia bure: jiwe, kizibo cha chupa, uyoga. Tafuta mviringo. Mimi hupenda saa moja asubuhi, jua lingali chini, miale ikipenya ubavuni mwa majani. Mpira hung'aa upande mmoja na upande wa pili unaacha kivuli kidogo kama kope. Nikiona kile kivuli, moyo hunidunda vilevile kama nilipokuwa na miaka tisa, na mpira wenyewe ni wa gramu 46 tu. Kwenye nyasi ndefu achana na macho, tumia nyayo: vaa raba za soli nyembamba, tembea polepole. Fimbo mkononi ni ya lazima. Nyoka hajui kwamba umekuja kwa mipira.

Mwaka 2019 kanuni zilipunguza muda wa mchezaji kutafuta mpira wake, kutoka dakika 5 hadi 3. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilishukuru kimoyomoyo, maana wanaondoka mapema.

Wa baharini ni habari nyingine. Mpira wa gofu hauelei, unazama, kwa hiyo subiri bamvua, maji yapwe mpaka miamba ibaki wazi. Nimeshatoa kwenye vishimo vya mwamba mipira iliyosuguliwa na mchanga hadi vibonyeo vyote vimefutika, laini kama yai kweli. Ya kuchezea si hiyo, haiendi mbali wala haiendi sawa. Iliyobaki naiosha kwa maji ya sabuni na mswaki mkuukuu, iliyopasuka naitupa, mingine nawagawia makedi, wale wabeba mifuko ya wachezaji, wanaojifunza.

Nikiosha ndipo naona alama ambazo watu huandika kwa kalamu: herufi, samaki, kopa. Mwezi uliopita niliokota wa manjano, mzima kabisa, umeandikwa kwa mkono wa mtoto: BABU 70. Ulikuwa nyuma ya mti ulio karibu sana na pale mchezo unapoanzia, hatua kumi hazifiki.

Huo siupigi. Uko peke yake kwenye pembe ya trei, na kila nikienda uwanjani nawachungulia wazee wenye mipira ya manjano. Nikimpata mwenyewe nitamrudishia. Ila mbele ya wajukuu, nilikouokota sitasema.