Maji ya bwawa yamegeuka kijani: kuchemsha hakutoshi

Ndugu yangu, umeuliza kama maji ya bwawa lenye utando wa kijani yakichemshwa yanafaa kwa watoto na mifugo. Tafadhali usiwape. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini maikrosistini, sumu inayoshambulia ini, haivunjwi na moto wa jikoni. Tena seli za sianobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani na wanaotengeneza sumu hii, zikipasuka kwa joto, sumu iliyokuwa ndani humwagika majini, kwa hiyo unaweza kuyaharibu zaidi.

Si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 1 tu ya maikrosistini-LR, aina moja ya sumu hiyo, kwa lita ya maji ya kunywa ya kila siku. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazili, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walikufa baada ya damu yao kusafishwa kwa maji yenye sumu hii. Naumia kila nikiwakumbuka.

Vaa glavu, chovya kijiti kwenye utando. Kikitoka na nyuzi zinazoning'inia kama nywele, huenda ni mwani wa kawaida. Kikitoka kama kimepakwa rangi ya ukutani, shuku sianobakteria. Ila kijiti hakipimi sumu. Hiyo ni kazi ya maabara.

Mifugo izuie leo hii. Anatoksini, sumu nyingine ya sianobakteria, hushika neva, na mbwa aliyelamba utando ulioganda kwenye manyoya yake anaweza kufa haraka mno. Kama mtoto ameshayanywa na anatapika au anaumwa tumbo, mpeleke hospitali, na useme wazi alikunywa maji gani.