Maswali ya Wasomaji: Yule mama wa Huawei na wale Wakanada wawili

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu kesi ya Meng Wanzhou wa Huawei na meseji zikamiminika, kwa hiyo wiki hii nimeweka kando maswali mengine yote nishughulike na hili.

SWALI: Shikamoo mhariri. Hapa kijiweni kuna ubishi hauishi, mwenzangu anasema yule mama alikamatwa kwa ujasusi, mi nasema ni mambo ya Iran. Na kwani Kanada ilimshika ya nini wakati ugomvi ni wa Marekani na China? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Ubishi umeushinda wewe, ujasusi haumo kabisa kwenye mashitaka yake. Meng alikuwa afisa mkuu wa fedha wa Huawei, na ni binti wa mwanzilishi wa kampuni, Ren Zhengfei. Alishikwa tarehe 1 Desemba 2018 uwanja wa ndege wa Vancouver akiwa anabadilisha ndege tu, katoka Hong Kong anaelekea Mexico. Alichodaiwa ni kuidanganya benki. Ilikuwa hivi, kulikuwa na kampuni inaitwa Skycom inafanya biashara Iran, shirika la habari la Reuters likaandika kwamba imetaka kuuza kompyuta za Kimarekani kule kinyume cha vikwazo na kwamba iko karibu mno na Huawei, benki ya HSBC ikaingiwa na hofu maana hela za Huawei zilikuwa zinapita kwao, basi mwaka 2013 Meng akakaa na mkubwa mmoja wa benki kwenye mgahawa Hong Kong akamwonyesha slaidi za PowerPoint zinazosema Skycom ni mshirika wa biashara tu. Marekani ikasema mshirika gani, hiyo ni Huawei yenyewe, na kwa maneno yale benki ikaendelea kupitisha dola bila kujua inajiingiza kwenye matatizo ya vikwazo. Hapo kwenye dola ndipo penye kila kitu. Dola ikihama benki kwenda benki nyingine kwa kawaida inapitia Marekani, hata kama mtumaji na mpokeaji wote wako Asia, na ikishapita pale sheria ya Marekani inapata pa kushikia.

Sasa Kanada. Ina mkataba na Marekani wa kukabidhiana watuhumiwa, ulisainiwa 1971. Ombi likija na hati ya kukamatwa, polisi wanamshika mtu, halafu jaji hajiulizi kama mtu ana hatia au la, moja ya anayojiuliza ni kama hicho kitendo kingefanyika hapa Kanada kingekuwa kosa. Mawakili wa Meng walijikita hapo hapo, wakasema Kanada haina vikwazo kama hivyo kwa Iran kwa hiyo hakuna kosa. Tarehe 27 Mei 2020 Jaji Heather Holmes akawakatalia, akasema kiini cha shitaka ni udanganyifu, na kudanganya benki ni kosa Kanada pia. Mwisho wa safari anayesaini mtu apelekwe ni waziri wa sheria, na hapo ndipo China ikawa inabonyeza, kwa nini msimalize kisiasa leo hii?

SWALI: Mhariri salama? Nimewahi kusikia walimchukulia simu kabla hata ya kumwambia kuwa amekamatwa. Ni kweli, na ni halali? Mwanafunzi wa sheria, Eldoret.

JIBU: Ni kweli. Hati ilisema akamatwe mara moja, lakini waliomchukua kwanza ni watu wa mpakani, wakamhoji kwa karibu masaa matatu, simu zake zikatiwa kwenye mifuko maalumu ya kuzuia mawasiliano kama FBI walivyoomba, namba za siri za kufungulia zikaandikwa kwenye kipande cha karatasi, na karatasi ile ikaishia mikononi mwa polisi pamoja na simu zenyewe. Serikali ilikiri mahakamani kwamba kukabidhi zile namba lilikuwa kosa. Mawakili wakaomba kesi nzima ifutwe kwa uvunjaji wa haki zake, na mahakama haikuwahi kutoa uamuzi wa mwisho kwa sababu mambo yaliisha kabla. Kwa mtazamo wangu lile la karatasi halikuwa dogo. Ukimshika mtu wa hadhi ile, huku dunia nzima inakuangalia, inabidi ufuate sheria mstari kwa mstari, usimpe mwenzio kisingizio.

SWALI: Kaka, China nayo ilikasirika kwa haki. Mtu wao amekamatwa safarini kwa ombi la nchi ya tatu. Mbona magazeti ya nje yanawalilia Wakanada wawili tu? Baba Salma, Tanga.

JIBU: Baba Salma, hasira naielewa, na nitakupa hoja ya kukuongezea nguvu. Siku chache baada ya Meng kushikwa, Rais Trump aliwaambia Reuters kwamba yuko tayari kuingilia kesi kama itasaidia kupata dili la biashara na China. Rais mwenyewe wa nchi inayomshitaki! Neno lile lilimharibia kila mtu, likaipa China sababu ya kusema huyu hajashitakiwa, kawekwa rehani, na mawakili wakalibeba hadi mahakamani. Kwa hiyo sisemi Marekani ilikuwa na mikono safi.

Lakini hebu tazama walivyokaa hawa watu. Meng alipata dhamana tarehe 11 Desemba 2018, dola za Kanada milioni 10, akafungwa kifaa cha GPS mguuni, akalala kwenye nyumba yake mwenyewe Vancouver, mchana anatoka na walinzi, sharti asizidishe saa tano usiku nje. Mawakili kila siku, mahakama wazi, waandishi wamejaa.

Siku moja kabla ya dhamana hiyo, yaani tarehe 10 Desemba, China iliwachukua Michael Kovrig na Michael Spavor. Kovrig alikuwa mwanadiplomasia zamani, wakati huo anafanya kazi International Crisis Group, shirika linalochunguza migogoro duniani, akachukuliwa Beijing. Spavor alikuwa mfanyabiashara wa kupeleka wageni Korea Kaskazini, akachukuliwa Dandong pale mpakani. Kovrig ameeleza mwenyewe baada ya kutoka, karibu miezi sita peke yake chumbani, taa haizimwi usiku wala mchana, anahojiwa masaa mengi kila siku, wakili hana. Mwenzi wake Kovrig nyumbani alikuwa mjamzito. Mtoto wake wa kike alizaliwa baba yuko ndani, na alipokuja kumwona kwa mara ya kwanza mtoto alikuwa na kama miaka miwili na nusu hivi, anatembea na anaongea.

Kesi zao zilisikilizwa Machi 2021 milango imefungwa, wanadiplomasia wa Kanada wamesimama nje hawaruhusiwi kuingia. Agosti 2021 Spavor akapewa miaka 11. Na si hao tu, kuna Mkanada mwingine, Robert Schellenberg, alikuwa na kifungo cha miaka 15 kwa madawa ya kulevya, Januari 2019 kesi ikarudiwa akahukumiwa kifo. Hata wakulima waliguswa, Machi 2019 China ikazuia kanola, zile mbegu za mafuta ya kupikia, kutoka kwa wauzaji wawili wakubwa wa Kanada, na mkulima wa Saskatchewan hajui Skycom ni nini. Ndiyo maana nawalilia Baba Salma. Meng alikuwa na shitaka lake na nafasi ya kulijibu, wale wawili walishikwa kwa kuwa walikuwa na pasi ya kusafiria ya Kanada na walikuwa karibu.

SWALI: Sasa si wangemwachia tu yule mama, wao wakawapata watu wao mapema? Dada Neema, Mwanza.

JIBU: Dada Neema, wengi walisema hivyo. Juni 2020 Wakanada 19 wenye majina makubwa, mawaziri na mabalozi wastaafu wamo, walimwandikia Waziri Mkuu Trudeau wakimtaka afanye hivyo hivyo, na waziri wa sheria kisheria angeweza. Trudeau akakataa, akasema ukikubali mara moja umewafundisha kwamba wakitaka kitu wamkamate Mkanada. Balozi wake Beijing, John McCallum, aliposema Januari 2019 kwamba Meng ana hoja nzuri za kujitetea, alifukuzwa kazi. Mi nakubaliana na Trudeau, na nakubali nikijua kabisa kuwa aliyelipa gharama ya msimamo ule hakuwa yeye, alikuwa mtu aliyekaa chini ya taa isiyozimwa. Ila kuachia kungewaweka hatarini wote wengine wanaoishi na kufanya kazi China.

Mwisho wake unaujua. Tarehe 24 Septemba 2021 Meng alikubaliana na waendesha mashitaka wa Marekani, akajitokeza kwa video mbele ya mahakama ya Brooklyn, akasema hana hatia lakini akakiri maelezo ya ukweli, yakiwemo kwamba yale aliyoiambia benki kuhusu Skycom hayakuwa kweli. Akapanda ndege kwenda Shenzhen, na siku hiyo hiyo Kovrig na Spavor wakapandishwa ndege kutoka China. China ikasema wametolewa kwa dhamana kwa sababu za kiafya, Washington ikasema hakuna uhusiano. Siamini hata kidogo. Watu waliokaa karibu miaka mitatu hawaugui wote wawili siku moja na jioni ile ile. Mashitaka ya Meng yalifutwa Desemba 2022.

SWALI: Mimi nachukua mzigo Guangzhou mara kwa mara, duka liko Kariakoo. Je, na sisi wadogo yanaweza kutukuta? Mama Rehema, Dar.

JIBU: Mama Rehema, la kushikwa kwa ugomvi wa serikali usiliwazie sana, wanaotafutwa huko ni watu wa nchi iliyoko kwenye mvutano. La kwako ni lingine na ni la kila siku: deni. China mtu mwenye kesi ya madai ambayo haijaisha anaweza kuzuiwa kutoka nchini, na utajulia pale pale kwenye dirisha la uhamiaji na begi mkononi. Kwa hiyo ukigombana na mwenye kiwanda juu ya mzigo mbovu usiondoke kimya kimya, malizana naye kwa maandishi, tunza risiti na meseji zote za WeChat, na usikubali jina lako litumike kwenye mkataba wa mwenzio. Ukishikwa una haki ya ubalozi wako kujulishwa, ni sheria ya kimataifa, Mkataba wa Vienna wa 1963 kifungu cha 36, lakini inabidi uombe wewe mwenyewe, tena mapema. Ubalozi wetu uko Beijing, namba yake iandike kwenye karatasi, maana simu ndiyo wanayoichukua kwanza, na mwachie mtu nyumbani kopi ya pasi na jina la hoteli unayofikia.