Maswali yenu: sindano za peptidi na homoni za uzazi

*Nimeandikiwa sindano ya goserelini kwa endometriosisi (tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake). Nasoma inaamsha homoni, mbona daktari anasema itazizima?*

Dada, vyote viwili ni kweli. Ubongo unatoa GnRH, homoni inayoiamuru pituitari (tezi ndogo chini ya ubongo), ni kipeptidi, yani kipande kifupi kama cha protini, cha asidi amino 10 tu, ila hauimwagi mfululizo, unaitoa kwa vipindi, kila dakika 60 mpaka 120 hivi, pituitari ikiipata inatoa LH na FSH, homoni zinazoamsha ovari au korodani, afu inapumzika, na ile GnRH yenyewe inavunjwa ndani ya dakika chache. Sasa sindano yako ni GnRH iliyobadilishwa ili isivunjike haraka, yani inakaa imekamata vipokezi, yani sehemu za seli zinazoipokea, usiku na mchana, mwanzoni pituitari inamwaga LH kwa wingi, baadae inaacha kuitika, vipokezi vinapungua, ovari zinanyamaza na estrojeni inashuka. Miaka ya 1970 timu ya mtafiti Ernst Knobil iliwapa kima wasio na GnRH yao wenyewe GnRH mara moja kila saa, LH na FSH zikarudi, wakaiachia bila kukatisha zikaporomoka. Kitu kilekile! Hii bado inanishangaza. Muulize daktari pia kuhusu mifupa, maana estrojeni ikikaa chini muda mrefu mifupa inapungua uimara.

*Baba ana saratani ya tezi dume, kachomwa sindano kama hiyo wiki iliyopita, mgongo unauma zaidi.*

Testosteroni hupanda wiki ya kwanza au mbili kabla ya kushuka, ndo maana wengi huongezewa vidonge vya kuizuia, au wanapewa degareliksi inayofunga vipokezi moja kwa moja bila kuviamsha. Lakini usisubiri, mpigie daktari wake leo, na miguu ikilegea au mkojo ukigoma mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

*Nimeacha steroidi, jamaa wa gym anasema nichome triptorelini homoni ziamke.*

Usichome, tafadhali, triptorelini ni ndugu wa goserelini. Dozi moja ndogo inapandisha LH kwa saa chache, hospitali wanaitumia hivo kupima pituitari, ila kupanda huko sio kupona, na ukipata ile ya kukaa mwezi mzima ndo umejizima kabisa. Wanaohitaji kuamshwa kwa GnRH hufungwa pampu inayotoa kidogokidogo, kila dakika 90 au zaidi kidogo. Wewe kapime LH, FSH na testosteroni asubuhi, umuone daktari wa homoni.

*Binti yangu wa miaka 7 kaanza balehe. Akichomwa sindano hizi za kuizuia, atazaa?*

Sindano zikisimamishwa pituitari inaamka na balehe inaendelea, uzazi wake haupotei. Ulizia picha ya eksirei ya mkono, ndo inaonyesha mifupa imetangulia umri kiasi gani.