Tuige Magharibi ipi?

Ndugu, umesema nchi maskini zifuate tu njia ya Magharibi kwa sababu "imeshathibitika". Sawa, ila ipi? Ile waliyopita wao, au ile wanayotuelekeza sisi? Maana hazifanani hata kidogo.

Marekani ilipokuwa changa, Alexander Hamilton, waziri wake wa fedha, aliliandikia Bunge mwaka 1791 akitaka viwanda vyao vilindwe dhidi ya bidhaa za Waingereza, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 ushuru wao wa forodha ulikuwa mkubwa mno. Msumbiji ilipotaka kulinda korosho zake miaka ya 1990, Benki ya Dunia iliishinikiza ipunguze ushuru wa kusafirisha korosho ghafi. Korosho zikaenda kubanguliwa India, viwanda vya Msumbiji vikafungwa, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakabaki bila kazi. Hiyo ndiyo "njia iliyothibitika"?

Korea Kusini nayo iliambiwa mradi wake wa kiwanda cha chuma hauna faida. Ikatafuta fedha Japani, na mwaka 1973 kiwanda hicho, katika mji wa Pohang, kikaanza kuzalisha. Leo kampuni yake, POSCO, ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa chuma duniani.

Sisemi kila cha Magharibi tukikatae. Mahakama huru, chanjo, hesabu za serikali kukaguliwa hadharani: chukua vyote, tena haraka. Lakini ratiba ya kufungua soko apange mwenye soko. Na usinijibu kwamba Korea ni tofauti. Mwaka 1960 nayo ilikuwa fukara.