Tokeni zinaenda wapi? Maswali yenu kuhusu mita za kuangalia stima ya nyumba

Kaskazi imeingia na joto la Mombasa mnalijua wenyewe, feni hazizimwi usiku kucha na wenye eisi ndo usiseme, sasa simu yangu imejaa maswali ya zile mita zinafungwa kwenye bodi ya breka halafu unaona kwa simu nyumba nzima inakula stima kiasi gani. Nimechukua machache, mengine yanafanana.

Salaam aleikum fundi. Tokeni ya elfu moja ilikua yanitosha wiki mbili, sai siku nane kwisha. Ninunue hio mita? – Mama wa watatu, Kisauni

Waaleikum salaam mamangu. Bado, weka pesa yako kwanza. Hio mita ya tokeni ulio nayo ni kipimo tosha, shida hakuna mtu aiangalia mpaka ilie. Nenda uiangalie karibu, utaona imeandikwa imp/kWh na namba, tuseme 1000. Maana yake ile taa nyekundu ikipepesa mara 1000 umemaliza yuniti moja. Sasa zima kila kitu ubakishe friji peke yake ikiwa yanguruma, hesabu sekunde toka pepeso moja hadi la pili, halafu 3600 gawanya kwa hizo sekunde, jibu ni wati (hesabu hii ni ya mita ya 1000, yako ikiwa na namba nyengine hesabu nayo yabadilika). Ikipepesa kila sekunde 30 ni wati 120, hio ni friji ya kawaida sina neno nayo. Ikipepesa kila sekunde 4 ni wati 900, hapo kuna kitu kingine kimewaka na wewe hujui.

Ukimaliza zima meni swichi yenyewe. Taa yafaa isimame, hata ikibaki imewaka bila kupepesa ni sawa. Lakini ikiendelea kupepesa na meni imezimwa, kuna mtu avuta stima yako au kuna hitilafu kati ya mita na swichi yako, usiguse, ita Kenya Power. Na kama mita yenyewe iko juu ya posti na ndani una kikibodi tu, andika yuniti zilizobaki asubuhi na usiku kwa wiki moja, daftari la mtoto latosha.

Kitu kingine mama, usilinganishe shilingi, linganisha yuniti. Tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ni ya nyumba inayotumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi, zamani ilikua 100, na wanaangalia wastani wa miezi mitatu. Kwahivo unaweza kua hujaongeza hata glopu moja lakini ile miezi ya wageni imekupandisha kundi, bas kila yuniti sai yakujia ghali.

Kuifunga lazima nikate waya? Naogopa. – Kijana wa Tudor

Hukati kitu. Ni klampu, kama kibanio cha nguo chenye chuma ndani, yafunguka yazunguka waya yafungwa, inahisi stima ikipita bila kugusa shaba. Sharti izunguke waya mmoja tu, ule wa laivu, yani unaoleta moto. Na hapa naomba mnicheke kidogo: ya kwangu ya kwanza kabisa niliifunga kwenye kebo nzima, laivu na nyutro pamoja, nikakaa siku mbili nasoma sufuri na pasi imewaka, nikarudi dukani na hasira zangu nikamwambia muuzaji kaniuzia kitu kibovu. Stima inayoenda na inayorudi zilikua zajifuta, klampu itaona nini? Muuzaji aliniangalia tu, hakusema kitu, na hiko kimya chake kiliniuma kuliko matusi.

Angalia pia mshale ulioko juu ya klampu, na midomo yake ifunge mpaka isikike ta! Kwetu huku chumvi ya bahari yala kila kitu, ikibaki vumbi au kutu katikati vipimo vinakua uongo. Na kuogopa kwako ni sawa kabisa manake hata ukizima meni, waya unaotoka kwenye mita kuingia swichi una moto bado. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, wale wasimamizi wa kawi, ni kazi ya nusu saa.

Kuna ya bei rahisi na kuna ya maelfu, tofauti ni nini? Na kuna rafiki yangu aniambia ya Marekani inajua yenyewe kua hii ni friji hii ni pasi. – Bamburi

Tofauti kubwa ni moja. Ile rahisi inapima ampia peke yake, volti inakisia, yani inajifanya stima yako ni 240 saa zote. Wewe wakaa Bamburi, saa moja usiku kila mtu akiwasha stima yako hua 240 kweli? Halafu vitu vya mota, pampu, eisi za zamani, friza, vinavuta ampia nyingi kuliko wati zinazolipiwa. Pampu inayovuta ampia 5 mita rahisi itakwambia wati 1200, kumbe unalipia 900 hivi. Birika na pasi itapatia, mota itakudanganya. Kwahivo uliza dukani swali moja tu: hii inasoma na volti? Akianza kukwambia rangi ya skrini, toka.

Zinazosoma volti ziko kama Shelly EM, hao ni watu wa Bulgaria, ina nafasi ya klampu mbili, unaweka moja meni na nyengine kwenye eisi, na unaweza kuisoma kwa waifai yako bila kupitia seva ya mtu. Iko Emporia Vue, hii ina klampu kubwa za laini kuu na ndogo 8 au 16 za breka moja moja, nzuri kwa nyumba kubwa zenye bodi iliopangwa. Ile ya rafiki yako itakua Sense. Imetengenezwa kwa stima ya Marekani ya 120/240, sio yetu, na hata kwao yachukua wiki nyingi kujifunza na eisi za inverta zaisumbua kwa sababu haziwaki kwa kishindo, zapanda polepole. Klampu ya pili kwenye breka ya eisi itakupa jibu siku hio hio.

Na usinunue klampu kubwa kwa sifa. Ya ampia 200 haitaona vizuri chaja na dekoda. Soma meni swichi yako imeandikwa ngapi, chukua iliyo juu yake kidogo.

Nina nyumba ya Kiswahili Majengo, vyumba sita mita moja, kila mwezi vita. Hii itanisaidia? – Mwenye nyumba

Mzee wangu, hapana. Nyumba nyingi za namna hio waya za chumba cha tatu zapitia cha tano, taa za ukumbini zatoka kwa mtu, huwezi kutenganisha. Na hata ukiweza, mpangaji gani ataamini apu iliyoko kwenye simu ya mwenye nyumba? Fundi apange waya upya kwanza, halafu weka mita ndogo kila mlango, ile yenye namba zinazozunguka, kila mtu aisome na macho yake.

Lakini fundi kweli inapunguza bili? – Wengi sana mmeuliza hili

Yenyewe haipunguzi hata senti, tena yenyewe inakula wati chache. Nitawaeleza ya kwangu. Niliona kwenye grafu usiku wa manane, watu wote wamelala, kuna meno meno kama kitana, kila dakika 12 jino moja, wati 700, sekunde kama 40 halafu kimya. Nikadhani friji, lakini friji huenda dakika nyingi, haifanyi hivo. Usiku wa tatu nikakaa jikoni gizani na simu mkononi kama mwizi, jino likatokea nikasikia pampu ya maji uani, vuuu. Nani afungua maji saa tisa usiku? Hakuna mtu. Choo cha wageni mpira wa tangi umechoka, maji yavuja kimya kimya, presha ikishuka pampu yajiwasha. Mara 120 kwa siku, karibu yuniti moja kila siku, 30 kwa mwezi, na maji pia yanaenda. Mpira wenyewe bei yake ni chai na mahamri mawili.

Kwahivo angalia ile saa tisa usiku kwanza. Kinachokula hapo mara nyingi hula masaa 24: dekoda ya wati 20 pekee ni yuniti 14 kwa mwezi.

Nina sola Shanzu na nimefungiwa mita ya tokeni, nichague gani? – Bila jina

Inayopima pande mbili, yenye kuonyesha kutoa na kujumlisha. Tena fanya haraka, ziko mita za tokeni ambazo stima ya paneli ikirudi kwenye laini zinaihesabu kama umetumia, unalipia jua lako mwenyewe.

Stima ikipotea data inapotea? Na kampuni ikifunga? – Likoni

Stima ikikatika hakuna cha kupima bas, huo muda utaona pengo tu. Ila ruta ikizima na stima ipo, zipo zinazohifadhi ndani na zipo zinazosahau, uliza. Na hakikisha ruta inatoa waifai ya 2.4 GHz, mita nyingi hazijui ya 5. Kampuni kufunga sio hadithi, hata Google walikua na PowerMeter yao, wakaianza 2009 wakaifunga 2011. Ndo maana mimi napenda inayosomeka hapo hapo nyumbani.